Mikono Isiyonata

Jumatatu, 5 Agosti

Asubuhi mawingu mazito, upepo hakuna. Saa kumi na mbili joto limeshafika nyuzi ishirini na nane. Nyenje wanapiga kelele kama wanalipwa.

Leo nimepanda msonobari wa bwawani. Hatimaye! Miaka miwili na miezi minne nimepiga magoti kwenye zulia la kuvumwani, ukoga laini wa kijani unaofunika ardhi ya bustani ya Bi Orihashi, nachomoa magugu moja moja kwa kijiti cha mwanzi, na Fundi Tsubono hajawahi kuniambia ni lini nitaingia ndani ya mti na mkasi. Asubuhi alinyoosha tu kidevu kuelekea juu. Basi. Ruhusa ndiyo hiyo.

Isurugi, mwenzangu kazini, alinishikia ngazi. "Haya Msomi, panda ukaufundishe mti kusoma." Ananiita Msomi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa nina cheti cha sekondari ya kilimo na nimefanya kazi miaka tisa kwenye mabanda ya maua kule Toyama kabla ya kuja huku Kanazawa. Yeye ana miaka hamsini na miwili. Anasema cheti chake pekee ni leseni ya pikipiki, nayo imekwisha muda.

Tulikaa juu muda wa saa tatu. Kazi ni kupunguza vitawi vilivyosongamana ili mwanga upenye hadi shinani. Fundi upande wa maji, mimi upande wa nchi kavu. Ana miaka sabini na mitatu na bado anatembea juu ya tawi kama mtu anayekwenda chooni kwake. Hakusema neno. Mara mbili alikata kitawi nilichokiacha. Mara moja aliacha nilichotaka kukikata. Nikajifunza hivyo hivyo.

Mchana tukashuka kunawa. Bi Orihashi huweka bombani chupa ya mafuta aliyokwisha kukaangia, maana utomvu wa msonobari hautoki kwa sabuni. Unapaka mafuta, unasugua, ndipo unanawa. Nilishika chupa, nikasita. Mikono yangu ilikuwa safi. Vumbi tu. Saa tatu ndani ya msonobari, mwezi wa Agosti, na vidole havinati!

Nikamtazama Fundi. Yake pia ilikuwa safi, niliona vizuri. Lakini alidondosha matone mawili ya mafuta kiganjani akajipaka. Akasugua mpaka viwikoni, taratibu, kama siku zote. Kisha akanawa.

Sikusema kitu.

Kila siku huandika somo moja la siku hiyo hapa chini. La leo sijui niliandikeje.

Jumatano, 7 Agosti

Ukungu hadi saa mbili, kisha jua kali.

Jana, kabla ya wenzangu kufika, nilitoboa tundu dogo kwenye gome la msonobari wa bwawani, ukubwa wa punje ya mchele. Leo nimeangalia. Kavu. Ningetoboa mti wenye afya, tundu lingekuwa limejaa utomvu ndani ya saa chache.

Mwalimu wetu wa mimea alituchorea ubaoni: mbawakawa huja kula vitawi vichanga, huleta minyoo midogo isiyoonekana, minyoo huziba njia za maji ndani ya mti. Mti ukishaacha kutoa utomvu hakuna dawa. Kuna sindano ya kinga tu, kwa miti isiyougua, wakati wa baridi. Mti mgonjwa unakatwa na kuchomwa moto. Na haraka, kwa sababu misonobari jirani hushikana mizizi chini ya ardhi, na minyoo hupita humo humo.

Bustani ina misonobari mitatu. Wa bwawani ni wa zamani kuliko nyumba. Wa pili Fundi aliupanda mwenyewe mwaka alioanza kazi hapa, akiwa na miaka kumi na sita. Wa tatu uko kwenye kilima kidogo, nyuma ya taa ya mawe.

Nimepima kwa hatua. Kutoka wa kwanza hadi wa pili, saba. Kutoka wa pili hadi wa kilimani, kumi na tisa.

Nimwambie? Lakini ameshajua. Alipaka mafuta mikono safi. Mtu aliyefanya kazi hii miaka hamsini na saba ameona na amenyamaza — mimi ni nani nimfumbue macho? Hapa hatuulizi. Tunatazama.

Somo: tundu la ukubwa wa punje ya mchele linatosha.

Jumanne, 20 Agosti

Mvua nyepesi alfajiri, ikakatika. Sikukuu ya wafu imepita, kila mtu amerudi kazini na uso wa kuvimba.

Leo nilijaribu. Tulikuwa tunafagia njia, yeye mbele, mimi nyuma.

"Fundi, huu mti wa bwawani..."

"Umemaliza kuvumwani ya upande wa kaskazini?"

"Bado."

"Basi."

Isurugi alikohoa. Nikaenda kaskazini nikapiga magoti.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika: nilifurahi aliponikatiza. Moyo ulitulia kama wa mtu aliyefika kwa daktari akakuta pamefungwa.

Ijumaa, 13 Septemba

Asubuhi baridi kidogo, anga safi. Harufu ya mpunga unaovunwa inafika mpaka mjini.

Tawi la chini la msonobari wa bwawani limegeuka rangi. Si kijani tena. Ni rangi ya chai iliyolala.

Fundi alikuwa ameshapanda nilipofika, saa kumi na mbili kasorobo. Anachuma sindano nyekundu, yale majani membamba ya msonobari, kwa mkono, moja moja, anatia kwenye gunia lililofungwa kiunoni. Kazi ya kuchuma sindano kuukuu ni ya Novemba! Akanionyesha chini kwa kidole. Nikaelewa: niokote zote zilizoanguka, isibaki hata moja juu ya kuvumwani. Tukafanya hivyo mpaka saa nne kasoro dakika kumi. Magunia mawili. Isurugi akayafunika kwa turubai garini. Hatukutazamana. Tulikuwa kama wezi waliokuta mlango wazi.

Saa nne kamili Bi Orihashi akatoka na chai. Ana miaka themanini na minne, anatembea kwa fimbo tangu alipolazwa mwezi wa sita kwa ajili ya moyo, lakini sinia haachi mtu ambebee. Saa nne na saa tisa, kila siku ya kazi, tangu alipoletwa nyumba hii bibi harusi. Leo keki za mchele zenye chumvi.

"Mwaka huu mmeanza mapema, Tsubono."

"Joto, Bibi. Joto la mwaka huu si la kawaida."

"Eh. Joto."

Akautazama mti. Wakati wa kurudi alipita bombani, akaiinua chupa ya mafuta, akaipangusa vumbi kwa aproni, akairudisha.

Somo: hakuna.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua kutwa. Sikutoka. Nimefua, nimenoa mikasi miwili, nimepika supu ya viazi vikuu ikaniungulia. Nilichora ramani ya bustani kwa penseli, misonobari mitatu na mizizi yake chini. Kisha nikafuta mizizi. Karatasi imebaki na doa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi nusu jua nusu manyunyu, kawaida ya huku.

Nimekwenda na Isurugi kuchukua kamba za theluji, zile za kushikilia matawi yasivunjike wakati wa baridi. Kamba za majani makavu ya mpunga, mafungu kumi na mawili, gari zima linanuka zizi la ng'ombe.

"Isurugi, unaona?"

"Naona barabara. Naendesha gari."

"Mti."

"Mti gani?"

"Usinifanye mtoto."

Taa nyekundu ikamsimamisha. "Msomi, mimi nina macho kama wewe. Hata paka wa jirani ameona, siku hizi hanolei makucha kwenye shina lake."

"Mbona husemi?"

"Mbona wewe husemi? Wewe ndiye mwenye cheti." Kisha, bila mzaha: "Sikiliza. Bibi alipotoka hospitali mwezi wa sita, alikaa barazani akamwambia Mzee mbele yangu: Tsubono, theluji daktari anasema nitaiona, maua ya baada yake hajui. Mzee aliinama hivi, paji la uso likagusa ubao. Sasa wewe nenda ukamwambie mti wa Bibi umekufa, tuukate kabla ya kamba."

"Na wa pili?"

"Wa pili una nini?"

"Mizizi. Hatua saba tu."

Akawasha redio. Walikuwa wanatangaza bei ya kaa.

Jumamosi, 2 Novemba

Asubuhi jua, baridi kavu, milima inaonekana mpaka kileleni. Siku nzuri ya kufunga kamba. Ilikuwa inauma ilivyokuwa nzuri.

Nguzo ndefu kandokando ya shina, kupita kilele. Fundi juu kabisa ya nguzo, kamba mia moja na thelathini zimeshuka kutoka kwake kama mwavuli usio na kitambaa. Yeye anarusha, sisi chini tunadaka na kufunga kila tawi, ili theluji yetu nzito yenye maji isilivunje. Anarusha bila kutazama. Kamba inafika mkononi.

Tulikuwa tumeshachuma karibu nusu ya sindano. Kwa mbali mti unaonekana mwembamba tu, kama mzee aliyenyolewa vizuri. Watu walisimama nje ya ukuta wakapiga picha. Mama mmoja akasema kila mwaka akiona kamba hizi ndipo anapotoa blanketi kabatini.

Tawi la nne upande wa maji lilikatika mkononi mwangu. Nilikuwa nimelishika tu! Kama kijiti cha kulia wali.

Kutoka juu: "Lipi?"

"La nne, Fundi. La majini."

Isurugi alisimama na kamba hewani.

"Lifunge."

"Limekatika."

"Lifunge hivyo hivyo."

Nikalifunga. Kamba iliyowekwa kulisaidia tawi kubeba theluji sasa inalibeba tawi lenyewe. Nilikaza fundo, nikaufunika mkato kwa kipande cha gome ili weupe wa ndani usionekane kutoka barazani. Mikono yangu ni myepesi sana kwa kazi ya namna hiyo. Nimejifunza vizuri.

Saa tisa Bi Orihashi alikaa barazani amejifunika blanketi, akatazama mpaka kamba ya mwisho. Akapiga makofi madogo, mara tatu, kama kwenye hekalu. "Imependeza," akasema. Fundi akashuka akainama mbele yake, muda mrefu mno. Niliogopa hatainuka.

Somo: kufunga kamba mia moja na thelathini kwenye kitu kilichokufa ni kazi ileile, hutumia saa zilezile.

Alhamisi, 14 Novemba

Ngurumo saa kumi alfajiri, zile za kufungua msimu wa baridi. Muuza samaki wa pembeni alikuwa anacheka peke yake barabarani, maana ngurumo hizi ndizo zinazoleta samaki wake wakubwa. Mvua ya mawe kidogo, kisha mawingu.

Sijui nianzie wapi. Nianze kwa utaratibu.

Tulianza kuchuma sindano kwenye msonobari wa pili, wa Fundi. Mimi upande mmoja, yeye wa pili. Juzi niliutoboa, leo asubuhi nikaangalia: kavu. Nikajiambia ni baridi, utomvu hutembea polepole. Saa nne ikafika, chai ikanywewa. Saa sita ikafika. Nikaangalia viganja vyangu. Kazi ya sindano za Novemba huacha vidole vyeusi kama vya fundi gereji. Vyangu vilikuwa vyeupe.

Nilisema. Sijui nani alinisukuma.

"Fundi, mikono yangu ni safi."

Akaendelea kuchuma.

"Fundi."

"Nimesikia."

"Huu nao nilitoboa juzi. Ni mkavu."

Aliteremka ngazi kipago kwa kipago. Akaangalia viganja vyake. Kisha akashika mkono wangu, akaugeuza huku na huku kama anayekagua samaki sokoni.

"Wa bwawani ulijua lini?"

"Agosti tano."

"Na tarehe unayo."

"Naandika, Fundi. Kila siku."

"Uliandika. Hukusema."

"Ulipaka mafuta. Nilikuona. Nikadhani umeshajua, nikadhani hutaki..."

"Ulidhani." Akauachia mkono wangu. "Mimi mwezi wa saba nilishahisi. Sikutaka kuamini vidole vyangu, vimezeeka. Siku ile nilikupandisha juu kwa sababu gani? Miaka miwili uko chini, siku moja nakupandisha. Ulidhani ni zawadi?"

Nilitazama vipago vya ngazi.

"Nilitaka mtu aliyesoma aniambie. Ningesikia kwa mtu mwingine, ningeweza kwenda kumwambia Bibi. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilishindwa."

Isurugi alikuwa ameinama anaokota sindano ambazo hazikuwepo.

Fundi aliugusa mti wake kwa kiganja, palepale kwenye mkunjo wa shina ambao aliufunga kwa mwanzi akiwa kijana ili uiname kuelekea maji. Kisha akatoka. Mkasi wake aliuacha kwenye panda ya tawi. Hajawahi kuacha mkasi nje.

Tangu jioni nawaza jambo moja. Agosti ishirini nilianza kusema, akanikatiza. Kwa hiyo kosa si langu peke yangu. Hilo ni kweli. Lakini sentensi ilikuwa na maneno mengine matatu tu kufika mwisho, nami sikuyasema. Agosti mizizi ya wa pili huenda ilikuwa bado mizima. Tungekata wa bwawani na kuchimba mtaro katikati. Hatua saba. Nilizipima mwenyewe!

Mkasi nimeuleta nyumbani. Nimeufuta, nimeupaka mafuta, nimeufunga kwenye taulo.

Ijumaa, 15 Novemba

Asubuhi nyuzi nne. Umande umeganda kwenye kuvumwani, hakuna upepo, mawingu ya chini rangi ya majivu. Theluji haijafika mjini bado lakini milimani kumeshakuwa kweupe.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Fundi hayupo. Gari lake halipo. Lakini kwenye njia ya kwenda bwawani, juu ya jiwe la tatu la kukanyagia, kulikuwa na jiwe la kufungia njia: dogo, kama tikiti changa, limefungwa msalaba kwa kamba nyeusi. Hata mtoto anaweza kuliruka. Hakuna anayelivuka. Likiwekwa, njia imeishia hapo. Kwa kawaida tunaliweka wageni wakija, wasiende kukanyaga upande wa nyuma. Kwa ajili yetu wenyewe halijawahi kuwekwa.

Isurugi alifika akasimama kando yangu.

"Mzee alikuja kabla ya mtu wa magazeti," akasema.

"Anamaanisha nini?"

"Anamaanisha tusiende."

"Mpaka lini?"

"Msomi, jiwe halina maelezo nyuma."

Tukafagia mbele ya nyumba. Mara mbili. Hapakuwa na kitu cha kufagia.

Saa nne Bi Orihashi alitoka na sinia. Vikombe vitatu, keki laini za mchele zenye maharage ndani. Alikuja mpaka lilipo jiwe, akasimama.

"Tsubono yuko wapi?"

"Hajaja, Bibi," nikasema.

"Amekuja." Alilitazama jiwe. "Fundo hili analivutia kushoto. Miaka yote nimemwambia wenzako wanavuta kulia, hasikii."

Isurugi akampokea sinia — na leo alikubali! Akaegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Chupa ya mafuta niliijaza mwezi wa saba," akasema. "Mwaka mwingine kufika sasa nimeshaijaza mara nne. Mwaka huu haijashuka hata kidole kimoja. Mnadhani mimi hukaa barazani natazama nini?"

Isurugi alitazama viatu vyake.

"Kwa nini Bibi hukusema?" Mdomo wangu huo! Sijui ulitoka wapi.

Hakukasirika. "Ningesema, angeacha kazi siku hiyohiyo. Namjua. Angekata mti, angeinama, asingerudi. Nilitaka aje mpaka theluji."

Fundi alinyamaza kwa ajili ya Bibi. Bibi alinyamaza kwa ajili ya Fundi. Isurugi alinyamaza kwa ajili ya wote wawili. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya nani? Nimejiuliza kutwa. Kwa ajili yangu. Niliogopa kurudishwa chini.

Bi Orihashi akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesoma. Mingapi?"

"Miwili, Bibi."

"Na wa kilimani?"

"Sijaupima."

"Kwa nini?"

Nililitazama jiwe. Kilima kiko ng'ambo ya bwawa, njia ni hii moja.

"Jiwe la wageni hilo," akasema. "Wewe ni mgeni hapa?"

Isurugi hakufanya mzaha wowote. Alisogea pembeni tu.

Nikavuka. Niliinua mguu juu mno, kama anayeruka mtaro. Nikapita chini ya kamba za msonobari wa bwawani, tawi lile lililokatika linaning'inia bado, fundo langu limeshika vizuri. Nikapita wa Fundi. Nikahesabu kumi na tisa. Nikaegemea shina la wa kilimani, nikatoboa kwenye gome, upande wa jua. Tundu dogo. Hakikutoka kitu. Lakini ni nyuzi nne! Kwa baridi hii jibu la kweli haliji kabla ya kesho asubuhi, labda hata keshokutwa. Niliporudi nilimweleza Bi Orihashi hivyo. Akasema, "Haya, kunyweni chai, inapoa," akarudi ndani polepole. Saa tisa hakutoka. Mara ya kwanza. Isurugi alikwenda kugonga, akaambiwa amelala tu, hajambo.

Saa kumi na moja kasoro, giza linaingia, gari la Fundi likasimama nje ya lango. Hakushuka. Nilimpelekea mkasi wake ukiwa ndani ya taulo, na kikombe cha chai. Nyuma ya gari niliona msumeno mkubwa na minyororo miwili.

Alipokea mkasi. Aliufungua, akaufunga, akasikiliza mlio.

"Umenoa?"

"Hapana, Fundi. Nimefuta tu."

"Vizuri." Akatazama mbele, kwenye kioo. "Umevuka."

"Nimevuka."

"Nyayo zako nimeziona kutoka ukutani. Unakanyaga kisigino sana, unaumiza kuvumwani."

"Samahani."

"Umetoboa?"

"Ndiyo. Jibu asubuhi, pengine."

"Ukiwa mkavu?"

"Tunakata mitatu."

"Ukitoa utomvu?"

"Miwili. Tunachimba mtaro, na wa kilimani tunautia sindano ya kinga kabla ya mwaka kwisha."

Alikunywa chai yote, akanirudishia kikombe.

"Kamba tutazifungua kwanza," akasema. "Zote. Mti haukatwi umefungwa. Bibi atakaa barazani ataangalia, nimeshaongea naye kwa simu." Akawasha gari. Kisha akateremsha kioo tena. "Kesho ingia peke yako, saa kumi na mbili. Mimi nitakuwa hapa langoni. Utoke uniambie."

"Sawa, Fundi."

"Usiandike. Niambie."

Nimeandika hata hivyo, lakini hayo ya leo tu. Ya kesho nitamwambia kwanza.

Chakula kimenishinda. Nimeoga, ila mkono wa kulia niliuweka nje ya maji. Kidole gumba kinanata. Kidogo sana — nikikibana na cha shahada kisha nikiachia, vinashikana nusu ya nukta. Ni mkono niliouegemeza kwenye msonobari wa kilimani. Lakini ni mkono uleule niliolia keki ya Bi Orihashi, na keki zile hunata siku nzima. Nimenusa mara kumi. Mara tano nasikia utomvu, mara tano nasikia maharage matamu.

Naweza kupaka mafuta nione kama kitatoka. Sipaki. Nitaulaza juu ya blanketi hivi hivi.

Nje mvua ya jioni imekatika, kimya. Huenda theluji. Siendi kuangalia.

Saa ya kengele nimeiweka kumi na moja. Sasa ni saa sita na dakika arobaini. Nalala.